Nilivyozipanga albamu zangu tano za kwateti

Mpwa wangu anaimba sauti ya nne, yaani besi, kwenye kwateti ya vijana kanisani kwetu Musoma. Mwezi uliopita alikuja na flashi. "Shikamoo mjomba. Naomba albamu moja tu ya hao Wamarekani wako, ile unayoiona ya kwanza kabisa." Injili ya kusini mwa Marekani, ile ya wanaume wanne na piano, nimeisikiliza zaidi ya miaka ishirini, na bado sikuwa na jibu.

Usiku ule niliandika orodha kwa kumbukumbu. Asubuhi nikaona nimepanga nyimbo, si albamu. Symphony of Praise ya kwateti ya The Cathedrals (1987) ilikuwa juu kwa sababu ya Champion of Love peke yake, na Movin' Up ya kwateti ya Gold City, ya mwaka huohuo, ikafuata kwa sababu ya Midnight Cry. Nikaichana karatasi.

Nikajiwekea utaratibu: albamu moja kila jioni, mwanzo hadi mwisho, bila kuruka wimbo. Kesho yake naisikiliza tena, safari hii nikiifuata baritoni tu, sauti iliyo juu kidogo ya besi, na kuiimba chinichini. Sauti ya tena, ile ya juu kabisa, huisikia hata mpita njia, na besi huhitaji kuitafuta. Baritoni ndiyo hujificha. Ukiweza kuifuata wimbo mzima, ujue hao watu wamefanya mazoezi wakaiva, na hicho ndicho ninachokipenda kwenye kwateti kuliko noti za juu.

Kipimo hicho kilipangua kila kitu. Symphony of Praise imeimbwa huku London Philharmonic Orchestra ikipiga vyombo nyuma, na mpaka leo inanisisimua, lakini vyombo vinapopanda Mark Trammell, baritoni wao, ananipotea. Ikashuka hadi ya tatu, na iliniuma. Movin' Up ikawa ya nne. How Great Thou Art ya Elvis Presley (1967) ikaishia ya tano: makundi ya The Imperials na The Jordanaires yamo, ila ni mtu mmoja aliye mbele, na mimi nilikuwa natafuta wanne.

Live in Atlanta ya 1983 ni The Cathedrals haohao, Trammell yuleyule, Kirk Talley akiimba sauti ya tena na Roger Bennett kwenye piano. Humo nilimsikia kila mmoja mahali pake. Ila Glen Payne, mwimbaji wao kiongozi, alipofika We Shall See Jesus nilisahau kabisa kazi ya baritoni, nikaurudia wimbo mara tatu ndipo nikaweza kuandika chochote. Hiyo ikawa ya kwanza, wala sikusita.

Iliyonisumbua ni A Farewell Celebration, waliyoirekodi The Cathedrals kwenye ukumbi wa Ryman, Nashville, mwaka 1999, wakiagana na wasikilizaji wao. Payne na George Younce, mwimbaji wao wa besi, walikuwa wameimba pamoja tangu miaka ya 1960. Oktoba ya mwaka huohuo Payne akafariki. Sauti za wazee hao si zile za Atlanta, na kwa kipimo changu cha baritoni ingekuwa ya nne. Nilijiuliza: kama Payne angeishi miaka kumi zaidi, ningeiweka wapi? Nikaisikiliza jioni ya tatu, jambo ambalo sikuifanyia albamu nyingine yoyote, nikaiweka ya pili. Kipimo nilikitunga mwenyewe, na hapo nilikiacha.

Mpwa wangu nikampa Atlanta. Baada ya wiki akarudi: "Mjomba, huyu Younce halazimishi sauti kabisa, na bado anasikika!" Akaomba inayofuata. Nilimpa Movin' Up, akamsikilize Tim Riley wa Gold City kwa kuwa naye ni mtu wa besi. Ile ya pili nimeiweka kando kwanza. Hawajui hao wazee vya kutosha hata awaage.