Siku moja maishani mwangu: fundi wa magari ya watalii, Arusha

Saa 11 alfajiri
Mwezi wa saba huku Ngaramtoni baridi siyo mchezo, unafungua mlango ukungu umejaa uani, Mlima Meru wenyewe huuoni. Naomba kabla sijashika simu. Hili nimeling'ang'ania kwelikweli, kwa sababu nikianza na simu kichwa kinajaa maisha ya watu, nani kanunua nini, nani yuko wapi, mpaka nafika kazini nishajiona sina kitu na siku haijaanza.

Wiki hii nasoma Mhubiri. Sura ya 2 yule mfalme anataja vitu vyake, majumba, mizabibu, mabirika ya maji, ng'ombe na kondoo, fedha na dhahabu, waimbaji wake mwenyewe, alafu anageuka anaiangalia kazi yote ya mikono yake anasema ni ubatili na kujilisha upepo. Huyu mtu hakukosa, alipata kila alichokitaka, ndo maana namwamini kuliko mtu anayeniambia fedha si kitu wakati hajawahi kuishika.

Saa 12 na nusu
Pikipiki ya toyo mpaka barabarani, hiace mpaka mjini, kutoka hapo naenda kwa mguu hadi gereji, Unga Limited. Konda anapiga kelele, watu wamejifunga mashuka na masweta, nalala kidogo.

Saa 1 na nusu asubuhi
Gari liko getini linanisubiri. Land Cruiser, ile iliyorefushwa chesisi na paa linafunguka juu, limerudi jana usiku kutoka kaskazini mwa Serengeti, msimu huu nyumbu wako kule karibu na mto Mara kwahiyo magari yote yanakimbilia huko. Lami inaishia lango la Loduare, ukishaingia Ngorongoro mpaka unatokea Naabi, lango la Serengeti, ni vumbi na yale makorongo madogo madogo ya barabarani yanayotikisa gari masaa na masaa, hamna springi inayopenda ile njia. Na kesho alfajiri linatoka tena, wageni wanashuka uwanja wa ndege wa KIA leo usiku.

Naanza na eya klina. Nimefungua kopo, vumbi limekaa ndani laini kama unga wa sembe, unaligusa linapanda juu lenyewe, na ile injini ya silinda sita ilikuwa inavuta pumzi kupitia humo. Nikaingia chini. Shokapu moja ya nyuma inavuja oili, springi ya nyuma kushoto ile ndefu ya juu inayobeba zenzake imekatika karibu na jicho, lile tundu la mwisho wa springi, na bushi zake za mpira zimekwisha. Dereva hakuniambia lolote kuhusu springi, nadhani hakujua, gari likishabeba mizigo linalala tu upande kidogo unazoea.

Saa 4
Chai na chapati. Dogo mmoja tunayefanya naye kazi ananionyesha mahubiri kwenye simu, mtumishi anasema toa mbegu na kabla mwaka haujaisha utaendesha gari la ndoto yako. Dogo anamaanisha, ana hela kidogo kaweka na anataka kuituma yote. Nikamwambia mdogo wangu, Mungu kukupa gari anaweza, wala sibishani na hilo, ila sisi hapa tunashinda na magari ya mamilioni kuanzia Jumatatu mpaka Jumamosi, umewahi kuona mwenye gari hata mmoja kaja hapa ameshiba? Wote wanataka la pili. Ukimfanya Kristo awe njia ya kulifikia gari, siku ukilipata hutakuwa na haja naye tena, na usipolipata utasema alikudanganya. Alinyamaza. Sijui kama ataituma, ni hela yake, lakini nimeumia sana kwa ajili yake na nimemwombea pale pale kimoyomoyo.

Saa 7 mchana
Loshoro kwa mama ntilie, haraka haraka, bosi ameshapiga simu kuuliza gari limefikia wapi.

Saa 9
Sasa hapa ndo penyewe, hapa ningependa vijana wenzangu wanaotafuta kazi yenye maana wanisikilize kidogo.

Springi mpya imeshaingia, bushi mpya zipo, senta bolti inayoshika springi zote pamoja imekaa kwenye tundu lake, yubolti zinazofunga springi kwenye ekseli nimezikaza kwa kupishanisha. Gari bado liko juu ya jeki. Ukitaka kumaliza haraka unakaza pini za bushi hapo hapo gari likiwa hewani unaosha mikono. Shida ni kwamba gari likishuka springi inanyooka, na bushi uliyoibana ikiwa kwenye mkao mwingine mpira wake unajinyonga, safari chache tu unachanika, gari linaanza kulia kule porini. Inavyotakiwa ukaze kidogo tu, ushushe gari lisimame kwa uzito wake wote, ulitikise, alafu uingie tena chini kwenye sakafu ya baridi ukakaze ya mwisho. Hakuna atakayekuja kuangalia, risiti ni ile ile.

Nikiwa pale chini huwa nawaza Wakolosai 3:23, lolote mfanyalo lifanyeni kwa moyo kama kwa Bwana. Tunaubandika ukutani ofisini, lakini rudi nyuma mstari mmoja uone Paulo anaongea na nani, anaongea na watumwa, watu wasio na mshahara wala wa kuwapongeza, anawakataza kufanya kazi kwa bidii pale tu wanapoangaliwa, na mbele kidogo anawaahidi urithi. Mtumwa na urithi wapi na wapi! Na huyo Paulo mwenyewe alikuwa fundi wa mahema, Matendo 18 yuko Korintho anashona na Akila na Prisila. Mwalimu wetu wa kipaimara, sisi ni KKKT, yaani Walutheri, alitufundisha pia kwamba Luther aliandika mwaka 1520 kuwa mbele za Mungu kazi za mapadre na watawa hazizidi za mkulima shambani au mwanamke anayehudumia nyumba yake, kwa sababu Mungu anapima kwa imani. Nilikuwa na miaka kumi na kitu, sikuelewa ananiambia nini. Sa hivi naelewa.

Kwakweli zamani niliiomba hii kazi inishibishe. Nilipokuwa chuo cha ufundi cha VETA nikasema nikiajiriwa tu, nilipoajiriwa nikasema nikipata boksi langu la spana, nikalipata, furaha ikakaa wiki hivi. Kazi haina uwezo huo, unaionea bure. Nilipoacha kuidai hicho ndipo nikaanza kuipenda, maana thamani yangu Kristo ameshaimaliza msalabani, sasa naweza kukaza bolti kwa ajili ya mama mmoja na watoto wake watakaokaa siti ya nyuma, basi, bila kutafuta kitu kingine humo.

Saa 11 jioni
Dereva kaja kuchukua gari. Kaka yangu huyu namheshimu sana, yuko barabarani miaka mingi, ana nyumba Moshono na sasa anajenga nyingine. Tumezunguka mjini kulijaribu, limetulia. Njiani ananiambia nikimaliza hii ya pili napumzika dogo. Nikamuuliza kwa heshima, bro, si ulisema hivyo hivyo kwenye ile ya kwanza? Akacheka, alafu akakaa kimya mpaka tumerudi. Akaniomba nimtumie lile andiko la Mhubiri, nimemtumia.

Saa 1 na nusu usiku
Jumuiya nyumba ya jirani. Tumeimba, tumesoma, kuna mama anauza ndizi soko la Kilombero ameshukuru Mungu kwa siku ambayo kwa maelezo yake mwenyewe hakuuza kitu, na alikuwa anashukuru kweli, siyo maneno ya kanisani. Nilimwangalia nikasema huyu anajua jambo ambalo mimi bado najifunza. Wiki ijayo zamu ya neno ni yangu. Nimechagua Isaya 55, pale Mungu anapouliza kwa nini mnatoa fedha kwa kitu ambacho si chakula na mapato yenu kwa kisichoshibisha, na nimeshamwomba huyo mama aanze yeye kuongea kabla yangu, amekubali ila anasema nisimpe zaidi ya dakika tano, ana mzigo wa ndizi unaingia alfajiri.