Kofia kwapani

Binti yangu alikuwa akipekua kabati kutafuta soksi za shule, akatoka na glavu nyeupe iliyokwisha kugeuka rangi ya chai ya maziwa. Akaivaa, akaigeuzageuza, akarudi kupekua.

"Baba, ya pili iko wapi?"

"Haina ya pili."

"Ilipotea?"

Nikamweleza kwamba mtu wa mkono wa kulia akicheza gofu huvaa glavu moja tu, ya kushoto. Akafikiri kidogo. "Kwani wa kulia haufanyi kazi?"

Laiti ungekuwa haufanyi, mama.

Niliingia kwenye mchezo huu kwa sababu ya bosi aliyeniachia fimbo zake. Ilikuwa 2009, uwanja wa mashimo tisa kando ya Barabara ya Mama Ngina, Mombasa, pale kwenye mibuyu, ambapo meli za kuingia Kilindini hupita karibu hadi unaweza kuhesabu makontena. Miezi mitatu kazi yangu ilikuwa kununua mipira na kuitia baharini. Kila mkwaju ulitoka vizuri, ukafika katikati ya safari, halafu ukakata kulia kama matatu iliyoona askari.

Kedi wangu alikuwa mzee wa makamo ya baba yangu. Nilimwamkia shikamoo kila asubuhi, kisha nikamkabidhi mfuko wa fimbo abebe, na aibu ya jambo hilo haijanitoka hadi leo. Hakuwa msemaji. Nikipiga vibaya aliguna tu, akaenda kuutafuta mpira hata pale ambapo sote wawili tulijua uko majini.

Ijumaa moja ya mwezi wa tano, mvua imenyesha usiku kucha na nyasi zimeloa, nilipiga mipira mitatu mfululizo ikazama mitatu. Mzee akaweka mfuko chini.

"Wewe hupigi gofu. Unachanja kuni."

Akanishika kiwiko cha kulia kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika sikio la mtoto. Akaniambia fimbo ikishafika juu, mkono huu wangu haungoji zamu yake. Unakurupuka, unaisukuma fimbo nje, mbali na mwili, halafu ndipo inarudi ndani na kuukata mpira kwa kuupitia ubavuni. Mpira ukikatwa hivyo na uso wa fimbo uko wazi, ufanyeje? Unazunguka, unaenda zake kulia.

"Mkono wa kuume hauna adabu," akasema. "Hapa anayeongoza ni wa kike. Wa kuume unafuata." Akanyamaza kidogo. "Kama nyumbani."

Sasa mtu aniambie mimi nifanyeje. Nimelelewa na mkono wa kulia. Kula, kusalimia, kupokea, kutoa. Siku niliyopokea sahani ya shangazi kwa mkono wa kushoto, mama alinizaba kofi mbele ya wageni. Kuchanja kuni, kufyeka, kuvunja nazi, yote kulia. Miaka thelathini na kitu ya kuusifu mkono mmoja, halafu Ijumaa asubuhi naambiwa ukae nyuma.

Mzee akavua kofia yake. Haikuwa ile ya kazini iliyochujuka. Ilikuwa ya kushonwa kwa mkono, nyeupe kwa uzi wa hudhurungi, matobo yake madogo yamepangika kama asali kwenye sega. Akaikunja mara moja, akanitia kwapa la kulia.

"Hiyo ndiyo ya kuendea msikitini leo," akasema. "Ikianguka topeni, utaniambia nivae nini."

Nikaitazama chini. Tope lilikuwa jekundu, zito, limejaa nyayo zangu mwenyewe.

Sijawahi kusimama mbele ya mpira kwa woga ule. Nikaubana mkono wa kulia ubavuni, si kwa nguvu, kiasi cha kuisikia kofia ikinikwaruza kidogo kupitia shati. Akaniamuru nilegeze kidole gumba na cha shahada vya mkono huo, visiishike kabisa fimbo. Nikainua, si juu sana. Kusi lilikuwa likivuma kutoka baharini, na meli moja ilikuwa ikiingia taratibu, watu wa juu wadogo kama sisimizi. Kushoto kukavuta. Kiwiko cha kulia kikashuka karibu na kiuno chenyewe, bila kuulizwa, na kwa mara ya kwanza mkono ule haukuwa na la kufanya isipokuwa kufuata. Sikusikia kishindo cha kupiga. Nilisikia mlio mdogo, kama kijiti kikavu kukatika, na viganja havikutetemeka. Mpira ukaenda. Ulinyooka hadi nikaanza kuuogopa.

Kofia ilikuwa bado kwapani.

Mzee akaniambia kwamba mwaka 1978 alikuwa Muthaiga, uwanja wa gofu wa Nairobi, na alimwona kwa macho yake Seve Ballesteros, yule kijana Mhispania aliyelibeba taji la mashindano ya gofu ya Kenya Open mwaka huo. "Mkono wake wa kulia ulikuwa mtulivu kama mtoto aliyelala," akasema. Kama kweli alikuwapo sijui. Mtu aliyekuazima kofia yake ya Ijumaa humuulizi tiketi.

Yaliyofuata ni mafupi. Nilimrudishia kofia, nikapiga mwingine kwa furaha, mkono wa kulia ukafurahi kuliko mimi, na mpira ukaenda baharini.

Lakini sikuangalia ulikozama. Nilikuwa namwangalia mzee. Alikuwa ameikunjua kofia, ameinusa, na nikaona alama ya jasho langu imeenea upande mzima. Haikugusa tope hata chembe. Akaikunja tena, akaitia mfukoni, akabeba fimbo, tukaendelea. Saa sita kasoro aliondoka kichwa wazi.

Wiki ile ile nilikwenda Barabara ya Biashara nikanunua kofia inayofanana nayo, au niliyodhani inafanana. Niliporudi uwanjani wakaniambia amekwenda kwao, atarudi mwezi ukiandama. Kisha nikahamishiwa Nairobi.

"Na hii ya nani?"

Binti amerudi na mfuko wa nailoni, wa enzi za kabla ya marufuku ya 2017, umefungwa fundo. Amekwisha kuufungua. Kofia ni nyeupe bado, ina mikunjo ya dukani.

Nikamwambia aitie kwapa la kulia, achukue ufagio, asimame kama ninavyosimama mimi. Akasimama. Akainua ufagio kwa nguvu zake zote za darasa la tatu, na kofia ikamtoka kabla hata mikono haijapita bega.