Nyumba Hii Haiuzwi

Kaka alikuja na kopo la lita nne la rangi nyeupe na brashi mpya, akaanza na ukuta wa mbele kabla hata hajanywa chai. Ilikuwa Februari 2022, kaskazi linavuma, Ngamiani nzima, hapa Tanga, vumbi. Nilijua kwa nini amekimbilia ukuta ule. Kwa miaka mitano ulikuwa na maandishi ya rangi nyekundu ya mafuta, kila herufi kubwa kama sahani: NYUMBA HII HAIUZWI. Aliyeandikisha ni mama. Sasa mama hayupo, na sisi wanawe wanne tumekuja kuiuza.

Rangi ilikauka mchana. Saa kumi jua lilipougeukia ukuta, zile herufi zikaanza kuchomoza, waridi hafifu kama doa la rozela kwenye kanzu. Kaka akapaka tena. Asubuhi zimerudi. Fundi aliyekuwa akipita na ngazi yake akasimama akacheka: rangi ya maji haifichi rangi ya mafuta, hapo lazima ukwangue kwa msasa, upige andakoti, ndipo upake. Kaka akamwambia aende zake. Akapaka mara ya tatu.

Nyumba yenyewe ni ile ya Kiswahili, vyumba sita vinatazamana, ukumbi unapita katikati kutoka barazani mpaka uani, na uani kuna jiko, choo, kisima na mlimao. Baba aliijenga kwa hela ya bandarini, kidogokidogo, na kabla hajafa akamwandikisha mama kwenye hati. Mpangaji wa mwisho aliondoka Agosti, na tangu hapo hakuna aliyewasha hata taa. Siku niliyofika nilinunua umeme wa shilingi 10,000 nikapata uniti za kuchekesha. Nikadhani mita imeharibika. Kumbe ni kodi ya majengo: mwaka ule uliotangulia ndio walikuwa wameihamishia kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, shilingi 1,000 kila mwezi, na miezi yote tuliyoifunga nyumba ilikuwa ikitungoja palepale kwenye mita.

Kazini Dar es Salaam nilikuwa nimeomba ruhusa ya wiki moja. Wiki yote iliishia kwenye vitu vya mama. Dada yangu na mke wa kaka walinuniana siku mbili kwa ajili ya mbuzi ya kukunia nazi ambayo haina hata meno. Sanduku la kanga tuligawana usiku, kimya, kila mmoja akivuta jozi moja moja. Fremu ya mlango wa uani mchwa walikuwa wameila ndani yote wakaacha ganda la rangi. Ukiisukuma kwa kidole, kidole kinazama. Na chumba cha tatu dari lilikuwa na duara la hudhurungi, mvua za vuli zilizopita.

Mimi ndiye msimamizi wa mirathi, kwa hiyo suala la dalali likaniangukia mimi.

Wa kwanza alikuwa kijana mwenye simu kali na viatu vyeupe. Alizunguka dakika tano, akapiga picha kumi na kitu, zote akiukwepa ukuta wa mbele, na hata hajatoka barazani tangazo lilishakwenda kwenye makundi yake: nyumba inauzwa Ngamiani, ipo karibu na lami, milioni 180, maongezi yapo. Nikamuuliza 180 ameitoa wapi. Akasema, "Dada, bei ni mdomo." Kaka alifurahi sana. Jioni ile alishaanza kupanga gari la kununua. Zilikuja simu nyingi siku mbili za kwanza, kisha hakuja hata mtu mmoja, na nyumba ikabaki na sifa ya kuwa ni ya watu wenye tamaa. Hilo la sifa sikulijua mapema. Mji huu watu wanazungumza. Nyumba ikitajwa 180 halafu ikashuka 120, wanunuzi wanakaa kungoja ifike 70.

Wa pili alikuja na gari kutoka Chumbageni. Huyu hakutaja bei kabisa. "Niambieni mnachotaka mkononi. Kinachozidi hapo msiniulize." Yaani cha juu. Sisi tuseme 90, yeye auze 110, ile 20 yake. Nikamuuliza kama tutakaa na mnunuzi siku ya mapatano. Akasema hapana, wenye nyumba wakikaa na mteja wanaharibu. Wadogo zangu waliona sawa tu, maana 90 yetu ingetimia. Mimi sikuona sawa. Mkataba wa mauzo nitausaini mimi, kodi ya ongezeko la mtaji itadaiwa kwa jina langu, halafu bei halisi nisiijue?

Wa tatu sikumtafuta. Jirani yetu, bi mkubwa wa nyumba ya pili, aliniona nimekaa barazani nimejiinamia, akanituma kwa mzee mmoja anayekaa kwenye baraza la kahawa, mitaa michache juu. Nikaenda. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanisogezea kashata, wala hakuuliza nyumba ina vyumba vingapi.

"Warithi wangapi?"

"Wanne."

"Mahakama ya Mwanzo mmeshapita? Fomu namba nne, ya kukuteua msimamizi, unayo?"

"Ninayo."

"Hati jina la nani?"

"La mama bado."

"Basi binti yangu huna cha kuuza. Kaandikishwe wewe kwenye hati kwanza, kama msimamizi. Na pango la ardhi lipeni lote. Mnunuzi mwenye hela ya kweli ataanza na upekuzi ofisi ya ardhi, akikuta jina la marehemu anarudi kwao."

Nilikunywa kahawa ile chungu mpaka mwisho. Ruhusa yangu ya wiki moja ikawa ya bila malipo.

Alipokuja kuiona nyumba, kaka alikuwa ndani anataka kupachika jipsamu kwenye dari la chumba cha tatu, afunike lile duara. Mzee akamtazama kutoka chini ya ngazi. "Masika inaanza mwezi ujao. Ukimficha mteja, mvua itamwambia. Na akija kudai hatakukuta wewe, atanikuta mimi kwenye kahawa yangu." Tukanunua bati nne. Fremu ya mchwa tukaibadilisha. Choo tukakipiga chokaa, kisima tukakifunika upya. Mengine akatukataza, vigae vya kaka hasa. Alisema anayenunua Ngamiani ananunua kiwanja na mtaa, vigae atang'oa. Akaniambia nilale mle ndani mpaka nyumba iuzwe. "Nyumba isiyolala mtu mteja anaisikia harufu mlangoni." Nikalala. Nikafungua madirisha alfajiri, nikachoma udi jioni, nikapika mbaazi uani, majirani wakaanza kuingia na kutoka kama zamani. Hizo ndizo siku pekee za msiba ule nilizolia vizuri.

Ada yake ilikuwa asilimia 5, nusu siku ya mkataba, nusu hati ikishabadilishwa jina. Bei akasema 95, tusishuke chini ya 90, na kwenye mapatano tutakaa sote.

Lakini siku ile ya kwanza, wakati anaondoka, alisimama mbele ya ukuta. Herufi zilikuwa zimechomoza tena. Akazisoma polepole, kama vile ni barua.

"Nyumba hii niliwahi kuletewa," akasema. "Mwaka 2017. Mwenyewe amelazwa hospitali ya Bombo. Nikasema siuzi nyumba ya mtu aliye kitandani, na alipotoka nikaja kumwambia."

Sikumuuliza nani aliileta. Mama siku zote alitueleza kwamba maandishi ni kwa ajili ya matapeli wa mjini, na sisi tukaamini, matapeli wapo tele. Kaka alikuwa juu ya ngazi, brashi mkononi. Rangi ilikuwa ikimdondokea kwenye kandambili, hakuitingisha.

Mzee akavaa viatu vyake akaenda. Usiku ule kaka hakula. Mimi nilimwekea sahani, nikaifunika, sikusema neno, wala mpaka leo hatujaliongea. Asubuhi yake alikwenda dukani kwa hela yake akarudi na msasa na kopo la andakoti.

Mnunuzi alipatikana Mei, mvua zinanyesha, chumba cha tatu kikavu. Mama mmoja mfanyabiashara wa vitenge, mtu mzima, mjane, mwenye macho yanayopita kila kona. Alikuja mara nne. Tulikaa sote barazani, mwenyekiti wa mtaa akiwa shahidi, tukaelewana 92, kisha kwa wakili. Siku ya kumkabidhi funguo kaka alikuwa ameshaukwangua ukuta nusu: HAIUZWI imekwisha, NYUMBA HII bado. Akaanza kumwomba radhi, kwamba kufikia Jumamosi itakuwa nyeupe kabisa.

Yule mama akaurudisha mkoba begani.

"Mbona mmenifutia?" akasema. "Mimi nina watoto wa kiume watatu."

Akamwita yule fundi wa ngazi, aliyekuwa ng'ambo ya barabara, akamuuliza kopo la rangi nyekundu ya mafuta shilingi ngapi.