Masizi kwenye michungwa ya mama

Jana nilikuwa Muheza, shambani kwa mama. Michungwa miwili majani yamekuwa meusi kama sufuria ya kuni, na mama alishaamua ikatwe. Nikamwambia, "Mama, subiri kwanza." Nikapangusa jani kwa kidole, weusi ukatoka, chini yake kijani kabisa! Ile ni kuvu, lakini haili jani. Inakula majimaji matamu yanayodondoshwa na vidukari na wadudu gamba. Ubaya wake inaziba jua, jani linashindwa kujitengenezea chakula. Tukageuza majani machanga: wadudu hao hapo, sisimizi wamewazunguka. Basi tukaanza na wadudu, kwa maji ya sabuni, jioni jua limepoa.

Kisha mama akataka kufagia majani makavu shinani ayachome. Hapo nilimsihi sana. Tulipofukua kidogo tulikuta nyuzi nyeupe, kuvu zinazoozesha majani yawe mbolea. Na mizizini kuna kuvu nyingine, mikoriza, ambazo jicho tupu halizioni: zinauletea mchungwa fosforasi kutoka udongoni, nao unazilipa sukari.

Mama akauweka ufagio chini. Ijumaa narudi kuitazama.