Jinsi nilivyoifuatilia Seeadler kwenye magazeti ya 1917

Kama unataka kuchimba habari za Seeadler, ile merikebu ya matanga ya Wajerumani iliyowinda meli za biashara Vita Kuu ya Kwanza, ushauri wangu usianze na jina la nahodha Felix von Luckner. Ukisachi jina lake zinakuja hadithi alizosimulia baada ya vita, na huyo bwana alijua kusimulia kwelikweli, alizunguka nazo nchi nyingi, hadi 1938 alikuwa New Zealand.

Mimi nilisachi majina ya meli alizoteka: Pinmore, Horngarth, Cambronne, R. C. Slade. Papers Past, hifadhi ya mtandaoni ya magazeti ya zamani ya New Zealand, ni bure na inafunguka hata kwenye simu, nikabana mwaka 1917 peke yake. Cambronne ndo ilinifungulia mlango, maana Machi ile Luckner aliwapakia mateka wake humo akawaachia waende Rio de Janeiro, wakafika wakaanza kuongea, na maneno ya mtu aliyetoka utekwani juzi kwangu yana uzito kuliko ya jukwaani miaka 20 baadaye. Ila jua kwamba kompyuta inasoma vibaya magazeti ya zamani, unakuta Seeadler imekuwa Seeadlcr, kwa hiyo jaribu na vipande vya jina.

Kila nilichopata nikakiandika kwenye daftari, upande mmoja Luckner anasema nini, upande wa pili mateka wanasema nini.

Hapo ndo mambo yakaanza kuonekana. Watu wanapenda kusema safari nzima hakufa mtu. Alikufa. Machi 11, 1917 walipoishambulia Horngarth bomba la mvuke lilipasuka, baharia mmoja akaungua akafa. Meli 15 na kifo kimoja, kwa vita ile ni jambo la kumpongeza Luckner na mimi nampongeza, lakini yule mmoja naye alikuwa na kwao, hatuwezi kumfuta ili hadithi ipendeze.

Kubwa zaidi ni Mopelia, kile kisiwa cha matumbawe Polynesia ya Ufaransa ambako Seeadler ilivunjikia Agosti 2, 1917. Luckner alisema ni tsunami. Baadhi ya mateka Wamarekani walisema hapana, watu wengi walikuwa nchi kavu wanakula na kupumzika, meli ikasukumwa kwenye mwamba. Mi nawaamini mateka, kwa sababu meli ilikuwa kubwa haiwezi kuingia kwenye maji ya ndani yaliyozungukwa na mwamba, ikatia nanga nje, mwamba uko hapo hapo, upepo ukigeuka tu basi. Halafu tsunami ya Samoa ya mwishoni mwa Juni mwaka huohuo ina kumbukumbu zake wazi, hiyo ya Agosti sijaikuta popote nilipotafuta.

Na nahodha Smith wa R. C. Slade, mmoja wa mateka hao, alitoka Mopelia na wenzake 3 kwa mashua ya wazi, maili kama 1,000 hadi Pago Pago huko Samoa, wakafika Oktoba na kuwaombea msaada waliobaki kisiwani. Mbona huyu hasimuliwi?

Sasa niko kwa Wajerumani waliobaki Mopelia wakaiteka meli ya Wafaransa iitwayo Lutece wakaenda nayo kisiwa cha Easter Island, wakaishia kuzuiliwa Chile. Magazeti ya kule ni Kihispania, anayekisoma vizuri tuwasiliane.