Ninavyofuatilia makovu ya ini kwa vipimo viwili vya damu

Ukiambiwa una hepatitisi B, virusi vinavyoshambulia ini, hapa Arua, ndugu wanakuuliza kama umeanza dawa. Mimi swali langu lilikuwa jingine: ini limeshapata makovu kiasi gani? Unaweza kukaa na virusi hivi miaka na miaka bila kuumwa popote. Chanjo ya watoto wachanga iliingia Uganda mwaka 2002, na sisi wenye watoto wa kuozesha ilitupita mbali.

Zamani jibu lilipatikana kwa sindano ndefu ya kunyofoa kipande cha ini. Siku hizi kuna mashine ya kupima ugumu wa ini, ila mimi nilielekezwa Kampala, karibu kilomita 500 kwa basi la usiku, na duka la vitenge halijiuzi lenyewe. Daktari wa hospitali ya mkoa akaniambia tuanze na hesabu iitwayo APRI. Inahitaji vitu viwili tu: kimeng'enya cha AST na idadi ya chembe sahani, zile zinazogandisha damu.

Alinieleza vizuri. Seli za ini zikiumia, AST inavuja na kupanda kwenye damu. Makovu yakizidi, damu inayotoka tumboni inapita kwenye ini kwa shida, inarudi nyuma, bandama inavimba na kuzizuilia chembe sahani humo. Moja inapanda, nyingine inashuka. Unagawanya AST yako kwa kiwango cha juu cha kawaida cha maabara ile, unazidisha kwa 100, kisha unagawanya kwa chembe sahani zikiwa katika maelfu. Simu yoyote ina kikokotoo cha kufanya hivyo.

Kabla ya kufika kwake nilikuwa nimepimwa kwenye kliniki moja ya mjini nikiwa na homa kali. AST 96, kiwango cha juu 40, chembe sahani 71. Piga hesabu: 3.38. Aliyenipa karatasi alitikisa kichwa akasema, "Mzee, ini limekwisha." Mke wangu alianza kupigia simu wazee wa ukoo.

Daktari aliitazama karatasi ile, akauliza kitu kimoja. "Baba Zainabu, siku hiyo ulikuwa na malaria?"

"Nilikuwa nayo, daktari. Walinipa dawa zake hapo hapo."

"Basi hii ni namba ya malaria. Weka kando."

Malaria peke yake inashusha chembe sahani na inaweza kupandisha AST. Hapa kwetu West Nile, ambako malaria haipigi hodi, hilo lingepaswa kuandikwa ukutani kwenye kila maabara. Nilipona, nikasubiri wiki kadhaa, nikapima upya: AST 46, chembe sahani 178. Jibu 0.65.

Siku hiyo kijana wa maabara alinionyesha mambo ambayo karatasi haisemi. Chupa yenye kifuniko cha zambarau aliigeuza taratibu juu chini mara kadhaa, kwa sababu damu ikianza kuganda mle, chembe sahani zinashikana na mashine inahesabu chache. Ile ya AST aliinua kwenye mwanga: maji ya juu yakiwa mekundu, seli nyekundu zimepasuka, nazo zina AST yake, kwa hiyo namba itadanganya. Yangu yalikuwa ya njano safi.

Sasa, 0.65 ni nyingi au kidogo? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2015 ulisubiri APRI ipite 2 ndipo useme ini limesinyaa kwa makovu. Mwaka 2024 wakashusha: zaidi ya 0.5 kwa mtu mzima ni dalili ya makovu ya kutosha kuanza dawa, zaidi ya 1 ni dalili ya kusinyaa. Kwa mwongozo wa zamani, namba hiyo peke yake isingenipatia dawa. Daktari alinipima VVU kwanza, maana tenofoviri, dawa ya hepatitisi B inayotumika pia kwa VVU, haipewi peke yake kwa mwenye VVU, kisha nikaanza kidonge kimoja kwa siku. (Majirani wakiiona chupa wana hadithi yao tayari. Waache.)

Shemeji yangu, mvuvi wa Panyimur, alitaka nimpigie hesabu hiyo hiyo. Nilimkatalia. Yeye ana kichocho cha ziwani: mayai ya minyoo yanaweka makovu kuzunguka mishipa ya ini, bandama inakuwa kubwa na chembe sahani zinashuka hata kama seli za ini zenyewe bado nzima. Mipaka ya hepatitisi haimhusu. Alihitaji picha ya ultrasaundi na prazikwanteli, dawa ya minyoo ya kichocho, akavipata.

Namba yangu ya karibuni ni 0.37: AST 30, chembe sahani 201. Daktari hakushangilia sana. Alisema AST hushuka haraka virusi vikitulia, makovu yenyewe huyeyuka polepole, na kidonge kinaendelea. Napima maabara ile ile, damu zote mbili siku moja, nikiwa sina homa. Daftarini naandika pia kiwango chao cha juu, kwani wengine huweka 40 na wengine 35. Kinachofuata ni kriatinini, kipimo cha damu cha kuangalia figo, kwa sababu tenofoviri hutolewa mwilini kupitia figo.