Kwa nini niliachana na katamarani ya futi 16

Katamarani niliyoipenda kwanza, chombo cha tanga chenye bodi mbili sambamba, ni Hobie 16. Matanga mawili, urefu wa mita 5 na ushee, na ikishika upepo bodi moja inanyanyuka majini huku wewe umening'inia nje kwa waya. Nilijifunzia ya rafiki yangu pale Msasani, mimi na yeye, na nikajiona nimeiva. Siku moja ya kusi, mwezi wa Juni, nikaiazima na kutoka peke yangu.

Hata kisiwa cha Bongoyo sikukikaribia. Nilichelewa kulegeza demani, kamba ya kuongozea tanga, omo, yaani pua ya chombo, likachimba maji, nikajikuta naogelea.

Namna ya kuiinua naijua: unaigeuza mpaka omo litazame upepo, unakanyaga bodi iliyo majini, unashika kamba na kulala nyuma mpaka mgongo ukaribie maji, upepo uingie chini ya tanga ukusaidie. Nilijaribu mara nane, labda kumi. Chombo kilo 145, mimi 68. Mlingoti ukitoka majini kiasi cha kiganja, unarudi palepale. Walioniokoa ni wavuvi wa ngalawa.

"Mwenzako yuko wapi?" mzee akauliza.

"Niko peke yangu, mzee."

Akacheka, akamwambia kijana wake aruke.

Basi habari ya kasi nikaiweka kando. Nikawa nauliza mawili tu: ikipinduka nitaiinua mwenyewe? Na maji yakipwa nitaivuta mwenyewe? Hilo la pili si dogo. Bamvua la Dar hushuka zaidi ya mita 3. Unarudi jioni unakuta pwani yako imekuwa uwanja wa matope.

Hobie Wave ya plastiki ingenifaa, haiogopi mawe, ila ya mtumba sikuipata. Nikaishia kwenye Hobie 14: tanga moja, nyepesi kuliko ile ya 16, imebuniwa kwa mtu mmoja tangu miaka ya 1960. Niliyoonyeshwa kwanza niliikataa. Nilibonyeza sitaha kwa kidole gumba kuelekea kwenye mlingoti, ikabonyea kama embe bivu; hapo faibaglasi imeshaachana na povu la ndani. Rangi ilikuwa mpya, inang'aa kweli.

Ya pili nikainunua. Kubisha, yaani kugeuza omo kupitia upepo, ndiko kulikonitesa. Chombo chepesi hakina mwendo wa kukivusha ng'ambo ya upepo, na tanga la mbele la kuvuta omo halipo, kwa hiyo kinasimama katikati, tanga linapiga makofi. Dawa yake ni kutohangaika: kiache kirudi nyuma, sukuma tanga kwa mkono upande mmoja, geuza usukani kinyume, kitajizungusha chenyewe.

Jumamosi ya kwanza sikwenda kokote. Nilifunga dumu tupu la lita 5 kichwani mwa mlingoti usizame, nikakipindua makusudi mara tano. Mara ya kwanza ilinibidi nibebe mfuko wa maji mgongoni ili niongeze uzito, na nilitumia dakika kumi na moja. Ya tano, dakika tatu, bila mfuko.